Mwaka wa timu ya taifa usisomwe kwa ushindi na vipigo pekee

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka unapoisha, kurasa za michezo hutoa jedwali lile lile la timu ya taifa: mechi ilizocheza, ilizoshinda, ilizotoka sare, ilizofungwa, mabao ya kufunga na ya kufungwa. Chini ya jedwali kocha anasifiwa au anaambiwa afungashe virago. Naomba jedwali hilo libadilishwe. Lilivyo sasa linapima kwa mizani moja mechi ya kirafiki na timu dhaifu na mechi ya kufuzu ya ugenini, na msomaji anaachwa aamini kwamba aliyeshinda mara nyingi ndiye aliyekuwa na mwaka mzuri.

Chukua timu mbili zilizocheza mechi 10 kila moja. Ya kwanza imeshinda 6, sare 2, imefungwa 2. Ya pili imeshinda 4, sare 2, imefungwa 4. Kwa jedwali letu ya kwanza ndiyo bora, hakuna ubishi. Kwa hesabu za viwango vya FIFA, ya kwanza inaweza kuumaliza mwaka ikiwa imepoteza pointi 15, na ya pili ikawa imeongeza karibu pointi 28. Hesabu yenyewe nitaionyesha, lakini kwanza tuangalie siku, maana lawama nyingi anazobebeshwa kocha chanzo chake ni siku.

Timu ya taifa ya wanaume haina miezi 12. Ina madirisha ya kimataifa, yaani vipindi ambavyo klabu zinalazimika kuwaachia wachezaji, ambayo kwa miaka mingi, hadi 2025, yalikuwa ya Machi, Juni, Septemba, Oktoba na Novemba. Dirisha la kawaida huanza Jumatatu na kuisha Jumanne ya wiki ya pili, siku tisa, na ndani yake timu inaruhusiwa kucheza mechi zisizozidi mbili. Madirisha hayo matano yalikuwa siku 45, mechi 10. Ukiondoa mashindano ya fainali, huo ndio uliokuwa mwaka mzima wa kocha.

Sasa ziingie siku hizo tisa kambini uone zinavyoliwa. Mchezaji wa kulipwa anacheza na klabu yake Jumapili. Kanuni inataka aanze safari ya kujiunga na timu ya taifa si baada ya Jumatatu asubuhi. Akiunganisha ndege mbili anafika Jumanne, misuli imekaza, na siku hiyo anapewa mazoezi mepesi na kukandwa tu. Jumatano ndiyo siku ya mazoezi kamili ya timu nzima. Alhamisi ni mazoezi ya mwisho kwenye uwanja wa mechi, na hapo hakuna kocha anayethubutu kuwachosha watu. Ijumaa mechi. Jumamosi waliocheza wanapumzishwa, Jumapili safari ya kwenda kwenye uwanja wa pili, Jumatatu mazoezi mepesi tena, Jumanne mechi. Jumatano asubuhi wachezaji wawe wameshaanza kurudi.

Kwa hiyo dirisha zima linampa kocha siku moja ya kufundisha, mbili akibahatika. Ndege ikichelewa au viza ikikwama, ile Jumatano inakufa, na kocha anamwona beki wake wa kati kwa mara ya kwanza kwenye mazoezi ya mwisho. Timu inayofungwa mabao mawili ya kona katika mechi ya kwanza ya dirisha halafu ikatulia katika mechi ya pili mara nyingi haina ugonjwa wa kushangaza. Haikuwa imefanya mazoezi ya kona pamoja. Mwandishi anayetaka kumhukumu kocha kwa haki atazame kwanza wachezaji walifika kambini siku gani.

Hapo ndipo shirikisho linapaswa kuulizwa maswali, kabla ya kocha. Mchezaji anayecheza nje ya nchi anatakiwa kupelekewa barua ya wito angalau siku 15 kabla ya siku ya kwanza ya dirisha, na klabu yake ijulishwe kwa maandishi wakati huo huo. Klabu ina siku sita za kuthibitisha kwamba itamwachia. Ikikaa kimya au ikigoma, shirikisho linaomba kwanza msaada wa shirikisho la nchi anakochezea, na hilo likishindwa ndipo shauri linapelekwa FIFA, tena si chini ya siku tano kabla ya mechi. Kumtaja mchezaji kwenye mkutano na waandishi au kuweka orodha ya kikosi mtandaoni si barua ya wito. Barua ikichelewa siku mbili, klabu iko ndani ya haki yake ikimzuia, na kesho yake tunasoma kwamba mchezaji "ameikacha" timu ya taifa wakati kosa limefanyika ofisini.

Nje ya dirisha klabu hailazimiki kumwachia mtu yeyote. Ukiona mechi ya kirafiki imepangwa katikati ya ligi, jua kikosi kitakuwa cha wachezaji wa ndani au cha waliopatikana, na isomwe hivyo. Klabu nazo tusizifanye adui. FIFA ina mpango wa kuzilipa fidia mchezaji akiumia akiwa na timu ya taifa, lakini mpango huo unahusu majeraha yanayomweka nje zaidi ya siku 28. Msuli wa paja wa wiki tatu ni hasara ya klabu yenyewe.

Kuna kanuni nyingine ambayo mashabiki wachache wanaijua, nayo inaeleza ratiba nyingi zinazoonekana za ajabu. Mechi mbili za dirisha moja zinatakiwa kuchezwa ndani ya bara moja la kisoka. Ikiwa angalau moja ni ya kirafiki, zinaweza kuchezwa katika mabara mawili, ila umbali kati ya viwanja usizidi saa tano za ndege wala kanda mbili za saa. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini timu isicheze na taifa kubwa la bara jingine Ijumaa na kurudi kucheza mechi ya kufuzu Jumanne, jibu mara nyingi ni hilo. Pia kati ya mechi na mechi lazima zipite siku mbili kamili: Alhamisi na Jumapili, au Jumamosi na Jumanne.

Mashindano ya fainali nayo yanakula siku kwa namna yake. Kombe la Mataifa ya Afrika lililofanyika Morocco lilianza Desemba 21, 2025, na FIFA iliamua klabu zianze kuwaachia wachezaji Desemba 15. Siku sita. Kocha aliyepanga kambi ya wiki mbili na mechi mbili za kujipima nguvu aliichana ratiba yake.

Sasa pointi. Tangu Agosti 2018 FIFA inatumia kanuni ya kuongeza na kupunguza. Kila mechi ina uzito wake: mechi ya kirafiki nje ya dirisha ni 5, ndani ya dirisha ni 10, ya kufuzu mashindano ya bara au Kombe la Dunia ni 25, fainali za bara ni 35 na kuanzia robo fainali 40, Kombe la Dunia ni 50 na kuanzia robo fainali 60. Mechi za makundi za Ligi ya Mataifa ni 15. Matokeo yanapewa thamani: ushindi 1, sare 0.5, kufungwa 0. Ushindi wa mikwaju ya penalti ni 0.75, na aliyeshindwa kwa mikwaju anapata 0.5. Kutoka kwenye thamani hiyo unaondoa matarajio, yaani sehemu ya ushindi ambayo timu ilitegemewa kuipata kutokana na tofauti ya pointi kati yake na mpinzani. Kinachobaki unakizidisha kwa uzito wa mechi.

Tofauti ya pointi ikiwa sifuri, matarajio ni 0.5 kwa kila upande. Mpinzani akikuzidi pointi 200, matarajio yako ni karibu 0.32. Wewe ukimzidi pointi 200, ni karibu 0.68. Kwa namba hizo tatu unaweza kuusoma mwaka mzima.

Tuirudie timu ya kwanza. Imeshinda mechi sita za kirafiki, zote ndani ya dirisha na zote dhidi ya timu ambazo yenyewe ilizizidi pointi 200. Kila ushindi ni 10 mara 0.32, yaani pointi 3.2, zote sita zinafika 19. Kwenye kufuzu ikatoka sare mara mbili na timu za namna hiyo hiyo, na kila sare ikaigharimu pointi 4.6. Halafu ikafungwa na timu mbili za kiwango chake, kila kipigo pointi 12.5. Jumla ni hasara ya pointi 15. Timu ya pili ilifungwa mechi nne za kirafiki na timu zilizoizidi pointi 200, ikapoteza pointi 3.2 kila mara, jumla 12.7. Lakini ilishinda mechi mbili za kufuzu dhidi ya timu za kiwango chake, pointi 25. Ikapata sare mbili za kufuzu na timu zilizoizidi, pointi 9. Na ushindi wa kirafiki mara mbili dhidi ya timu za chini ukaleta 6. Inabaki na karibu 28. Hesabu halisi itasogea kidogo kwa kuwa pointi hubadilika baada ya kila mechi, ila picha ndiyo hiyo.

Angalieni pia vitu ambavyo kanuni hii haivitazami. Haitazami mabao: 5-0 na 1-0 ni sawa. Haitazami nyumbani wala ugenini. Kwa hiyo viwango vya FIFA peke yake navyo havitoshi kuusimulia mwaka, na simshauri mwandishi yeyote aviabudu. Vina maana kwa jambo moja kubwa, upangaji wa vyungu kabla ya droo, yaani mafungu ya timu kwa nguvu zake ambamo makundi huchotwa. Kwa droo ya Kombe la Dunia ya Desemba 5, 2025, vyungu vilipangwa kwa viwango vya Novemba, na pointi chache ziliwatenganisha waliokwenda chungu cha juu na waliobaki cha chini.

Kabla ya 2018 kanuni ilikuwa ya wastani, na mechi za kirafiki zenye uzito mdogo zilikuwa zinaushusha wastani hata ukishinda. Poland ililijua hilo. Ilikwepa mechi za kirafiki karibu mwaka mzima, ikawa ya sita duniani kwenye viwango vya Oktoba 2017 na ikawekwa chungu cha kwanza. Kombe la Dunia la 2018 lilipofika, ilifungwa na Senegal na Colombia na kumaliza mkiani mwa kundi lake. Nafasi ilikuwa halali kabisa kwa hesabu, lakini benchi la ufundi lilikuwa limejinyima mechi za kujaribu watu. Kanuni ya sasa imeondoa kishawishi hicho: ukifungwa kirafiki na timu kubwa unapoteza kidogo, na unachojifunza kuhusu mabeki wako ni kingi.

Hata hivyo mechi ya kirafiki ina mitego yake. Idadi ya wachezaji wa akiba wanaoweza kuingizwa ina kikomo, na timu zikikivuka mechi inaweza kupoteza hadhi ya kimataifa, isihesabiwe popote. Kikomo hicho kilikuja baada ya mechi kama ile ya Februari 2003, ambapo England ilibadilisha wachezaji wote 11 wakati wa mapumziko na kufungwa 3-1 na Australia. Mtego mwingine ni madalali. Septemba 2010 Bahrain iliifunga 3-0 timu iliyoletwa kama Togo, na baadaye shirikisho la Togo likasema halikuwa limetuma timu yoyote. Mwandishi anayeandika mechi ya kirafiki imepangwa na nani, imeidhinishwa na nani na waamuzi wametoka wapi anafanya kazi ya maana kuliko anayehesabu mashuti.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni kadi. Katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia, mchezaji akipata kadi ya njano kwenye mechi mbili tofauti anakosa mechi inayofuata ya mashindano hayo hayo. Mechi za mashindano mengine zinazoingia katikati haziifuti adhabu wala haziitumikii. Ugumu uko hapo, kwenye muda. Teboho Mokoena wa Afrika Kusini alionyeshwa kadi dhidi ya Benin Novemba 2023, akapata ya pili dhidi ya Zimbabwe Juni 2024. Katikati zikapita mechi za kufuzu Mataifa ya Afrika. Mechi iliyofuata ya kufuzu Kombe la Dunia ilikuwa dhidi ya Lesotho Machi 2025, miezi 16 baada ya kadi ya kwanza, na Mokoena alipangwa. Afrika Kusini ilishinda 2-0. Septemba FIFA iliipa Lesotho ushindi wa mezani wa 3-0, na Afrika Kusini ikapokwa pointi tatu. Ilifuzu hatimaye Oktoba, lakini kwa kwenda hadi mechi ya mwisho.

Ethiopia yalishaikuta hayo 2013. Ilishinda 2-1 Botswana ikiwa imempanga mchezaji anayetumikia adhabu, ushindi ukageuzwa kuwa kipigo cha 3-0, ikabidi isubiri mechi ya mwisho ya kundi ndipo ivuke. Guinea ya Ikweta ilipoteza ushindi wake wa Novemba 2023 dhidi ya Namibia na Liberia kwa sababu Emilio Nsue, aliyewahi kuzichezea timu za vijana za Hispania, hakuwa na kibali cha kubadili taifa. Alikuwa nahodha, na ndiye aliyeibuka mfungaji bora wa Mataifa ya Afrika mwanzoni mwa 2024. Umaarufu wa mchezaji haumpi uhalali. Karatasi ndiyo inayompa.

Kwenye safu ya "nyumbani" napo pana uongo usiokusudiwa. Timu ambayo uwanja wake haujaidhinishwa inacheza mechi yake ya nyumbani nchi nyingine. Zimbabwe iliikaribisha Nigeria Novemba 2023 huko Huye, Rwanda, wakatoka 1-1. Kuandika kwamba Zimbabwe ilipata sare nyumbani ni kweli kwa ratiba, si kwa miguu wala kwa mashabiki. Na safari yenyewe inaweza kuamua mechi: Oktoba 2024 ndege ya Nigeria ilielekezwa kutua Al Abraq nchini Libya, timu ikakwama uwanja wa ndege kwa zaidi ya saa 12, mechi haikuchezwa, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaipa Nigeria ushindi wa 3-0. Kwenye jedwali la kawaida huo ni ushindi kama mwingine. Wekeni alama ya nyota.

Msimamo wa kundi nao usichapishwe bila maelezo. Katika kufuzu Kombe la Dunia la 2026 barani Afrika, Eritrea ilijitoa na kundi lake likabaki na timu tano, hivyo katika kulinganisha washindi wa pili waliokuwa wakiwania mchujo, matokeo dhidi ya timu za mwisho yaliondolewa. Burkina Faso ilimaliza na pointi 21, Nigeria 17. Zikatolewa pointi sita ambazo Burkina Faso ilizipata kwa Djibouti, na mbili ambazo Nigeria ilizipata kwa Zimbabwe. Wote wakabaki na 15, na Nigeria ikaenda mchujo kwa tofauti ya mabao. Msomaji aliyekuwa akihesabu pointi 21 gazetini aliona maajabu.

Ninachoomba kwenye jedwali la mwaka ni hiki: kila mechi iwe na tarehe, aina yake, ilikuwa ndani au nje ya dirisha, tofauti ya pointi na mpinzani siku hiyo, mji ilikochezwa kweli, siku za mapumziko tangu mechi iliyotangulia, na pointi za viwango zilizoingia au kutoka. Namba zote hizo zinapatikana wazi, na kikokotoo cha simu kinatosha.

Kama nafasi ya ukurasa ni finyu, anzeni na orodha ya kadi: jina, kadi, tarehe, mpinzani, mashindano. Ichapwe asubuhi ya mechi, kila mechi. Dirisha la Septemba na lile la Oktoba yanaunganishwa kuanzia 2026, na la kwanza ni la Septemba 21 hadi Oktoba 6, siku 16 zenye mechi nne. Mechi hizo zikiwa za mashindano yale yale, orodha itabidi iandikwe upya mara tatu ndani ya wiki mbili, kwa sababu atakayepata kadi ya njano kwenye mechi ya kwanza na ya pili ataikosa ya tatu kabla hajarudi kwenye klabu yake.

Wako,
Msomaji, mtunza kumbukumbu za mechi za kimataifa